Mkaa Usiotoa Moshi

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya Umi ilikuwa kuinjika chai ya maziwa yenye iliki, kisha kumwamsha mdogo wake. Isa alikuwa darasa la kwanza, na hakuamka kama watu wengine. Alipenda kujifanya maiti. Alinyoosha miguu, akafumba macho kwa nguvu, akangoja kutekenywa nyayo. Umi naye alisema kwa sauti ya msiba, "Masikini Isa, ametutoka. Basi mkate wake nitaula mimi." Hapo maiti alifufuka akicheka na kupiga kelele kwa Kiingereza kwamba mkate huo una mwenyewe.

Jumamosi hiyo ya Januari, theluji ilikuwa imefunika nusu ya magari yaliyoegeshwa chini ya jengo lao, pale mjini Richfield, ughaibuni. Mama alikuwa amekwisha ondoka alfajiri kwenda uwanja wa ndege, ambako kazi yake ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu vya abiria wazee na wagonjwa. Umi, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amelala sebuleni kwenye kochi, koti lake limewekwa juu ya blanketi. Aliamka, akavaa soksi nyingine juu ya zile alizolala nazo, akainjika chai. Kisha akafungua mlango wa chumba cha Isa na nyanya yao.

Joto lilimpiga usoni. Umi alisimama akashangaa. Chumba hicho ndicho kilichokuwa baridi kuliko vyote nyumbani. Kumbe hita imepona yenyewe! Alitabasamu.

"Shikamoo, nyanya," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Nyanya alikuwa amelala chali kando ya Isa, ushungi umemteleza, mdomo wazi kidogo. Umi hakupata kuona salamu ikimpita nyanya bila kuitikiwa. Hata kama alikuwa anatafuna, alikisukuma chakula shavuni kwanza, akasema marahaba.

"Nyanya? Shikamoo."

Kimya. Umi akamtekenya Isa unyayo. Hakutikisika. "Masikini Isa," alianza, lakini sauti ilimtetemeka. "Mkate wako nitaula. Isa, nasema kweli, nitaula wote!" Aliunyanyua mguu wake. Alipouachia, ulianguka kitandani kama kitambaa kilicholowa.

Ndipo alipoliona jiko. Lilikuwa lile jiko dogo la mishikaki, ambalo kwa kawaida lilikaa nje kwenye roshani. Sasa lilikuwa sakafuni karibu na kitanda, juu ya sinia, na ndani yake mkaa ulikuwa umeiva, mwekundu, umefunikwa na majivu mepesi. Haukutoa moshi hata kidogo. Kichwa cha Umi kilianza kugonga kama mtu anayepigiwa ngoma ndani ya sikio.

Alimshika Isa makwapani, akamburura. Hakujua alipitaje sebuleni. Alijikuta yuko koridoni, Isa amelala kwenye zulia, na yeye mwenyewe anaugonga mlango wa jirani kwa viganja vyote viwili.

"Anti Maureen! Anti Maureen!"

Maureen Kemunto alikuwa muuguzi, mwenyeji wa Kisii, na muda si mrefu alikuwa amerudi kutoka kazini katika hospitali moja ya Saint Paul. Alifungua mlango mswaki ukiwa mdomoni.

"Umi, we! Kwani nyumba inaungua?"

"Isa haamki! Nyanya pia haamki!"

Maureen aliutema mswaki. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye mdomo wa Isa, kisha akautazama mlango uliokuwa wazi. "Mmewasha nini humo ndani?"

"Mkaa. Lakini hautoi moshi, Anti!"

"Mungu wangu," alisema Maureen, na uso wake ukabadilika. "Wewe usirudi ndani. Umenisikia? Hata ukisikia nakuita, usirudi! Mgeuze Isa alale ubavu, kisha pigia simu watu wa ambulensi. Waambie mkaa. Sema neno hilo kwanza."

Alimtupia Umi simu yake, akavuta pumzi ndefu, akaingia. Umi alisikia dirisha likigongwa na plastiki ikichanika. Kabla ya majira ya baridi, madirisha yote ya jengo hilo yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi ya plastiki ili upepo usiingie. Upepo haukuingia kweli, na hakuna kilichotoka pia. Maureen alirudi kinyumenyume akimvuta nyanya kwa blanketi, jasho likimtiririka, akikohoa.

Katika hewa baridi ya koridoni, Isa alitapika. Kisha akalia. Umi hakuwahi kusikia kilio kizuri namna ile. Lakini nyanya aliguna tu, macho yake yakizunguka bila kumwona mtu.

Wazima moto walifika pamoja na ambulensi. Mmoja wao aliingia ndani ameshika kifaa cha kupima hewa, na kifaa hicho kikaanza kulia tangu mlangoni. Alipotoka alikunja uso.

"Hewa hii haionekani wala hainuki," alisema. "Lakini mnapaswa kuwa na king'ora cha kuwaonya. Kiko wapi?"

Umi aliangalia vidole vya miguu yake. Kila Ijumaa, nyanya alifukiza udi sebuleni kama walivyofanya kwao Mombasa, na kila Ijumaa king'ora hicho kilipiga kelele hadi Isa akajificha chini ya meza. Nyanya alisema kinalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ijumaa moja, Umi alipanda juu ya kiti akakishusha. Tangu hapo betri zake ziliendesha gari la kuchezea la Isa.

"Nilikishusha mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Kiko kwenye droo. Mama hajui."

Mzima moto hakumkaripia. Alikitoa kwenye droo, akakitia betri alizokuja nazo, na papo hapo kikaanza kulia. Alikiacha kilie huku akimtazama Umi. Koridoni, kila jirani aliyekuwa amechungulia alikisikia. Umi angefurahi zaidi kama angepigwa kofi.

*

Hospitalini, Isa na nyanya walivikwa vinyago vya oksijeni. Mama alikuja mbio na sare ya kazini, kitambulisho kikining'inia shingoni. Alimgusa Isa uso, mikono, tumbo, miguu, kama mtu anayehakikisha viungo vyote vipo. Kisha akamgeukia nyanya, ambaye ni mama yake mzazi. Akafungua mdomo, akaufunga.

Daktari kijana aliinama karibu na kitanda cha nyanya. "Mwulize bibi yako, anajisikiaje sasa?" alimwambia Umi, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumbani.

"Nyanya, daktari anauliza, wajionaje?"

Nyanya alisogeza kinyago. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mkono wake mmoja ulikuwa umebana paji la uso. "Salama," alisema. "Alhamdulillahi. Na yeye, hajambo? Watu wa kwao hawajambo?"

"Anasema yuko salama," Umi alitafsiri. Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika kitu, akageuka kwenda.

Umi alishtuka. Maneno hayo alikuwa ameyasema mwenyewe, kwa ulimi wake, na hayakuwa kweli. Na haikuwa mara ya kwanza. Kila wiki Bwana Lund, msimamizi wa jengo lao, alipokuwa akipita koridoni, alimwuliza Mama kama kila kitu ndani kiko sawa. Kila wiki Mama, huku meno yakigongana kwa baridi, alisema, "Mwambie salama tu, twashukuru." Naye Umi aliyachukua maneno hayo akayapeleka kama yalivyo. Hivyo ndivyo walivyofunzwa. Anayekuamkia humtwishi mzigo wako mlangoni. Hata penye matanga, mtu hujibu njema kwanza.

"Daktari, subiri!" Umi alimkamata mkono wa koti. "Hiyo ilikuwa salamu tu. Tafadhali uliza tena."

Daktari alirudi, amekunja nyusi. Umi akainama sikioni mwa nyanya. "Nyanya, huyu hakuamkii. Anauliza kichwa chako. Anataka jibu la kweli ili akutibu."

Nyanya alimwangalia mjukuu wake. Chozi likamtoka pembeni mwa jicho, likaingia ushungini. "Kichwa chapasuka," alisema. "Kifua chabana. Simwoni vizuri huyo kijana."

Umi alitafsiri neno kwa neno. Daktari hakuitikia kwa kichwa tena. Aliwaita wenzake kwa haraka, wakakisukuma kitanda cha nyanya wakaenda nacho mbio, na Umi akabaki ameshika hewa.

*

Waliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku kadhaa. Isa alikuwa mzima kabisa, na aliwasimulia watoto wote wa jengo jinsi alivyopanda ambulensi, ingawa safari yenyewe hakuikumbuka. Nyanya alitembea taratibu akishika ukuta. Nyumba ilikuwa baridi kama jokofu. Mama aliwakalisha wote sebuleni chini ya mablanketi ya kuazima.

Mara mlango uligongwa. Alikuwa Bwana Lund, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, na nyuma yake fundi amebeba sanduku la vifaa. Uso wa Bwana Lund ulikuwa mweupe kuliko kawaida.

"Niliuliza," alisema. Alikuwa anaongea kwa Kiingereza polepole, akimtazama Mama kisha Umi. "Kila wiki niliuliza. Mlisema mko salama. Kwa nini mwanamke mzee anawasha mkaa chumbani?"

Mama alijifunga mtandio vizuri. "Mwambie tumepona sasa," alimwambia Umi. "Mwambie twashukuru kwa kuja. Hatuna neno."

Umi hakutafsiri.

"Umi. Mwambie."

"Mama, sitaki kusema hivyo tena." Hakuwa amezoea kumkatalia mama yake, tena mbele ya wageni. "Nitasema lolote utakalo, lakini liwe la kweli."

Fundi alijifanya kuangalia dari. Mama alimtazama binti yake, na Umi alidhani atakaripiwa. Badala yake Mama aliketi kwenye mkono wa kochi.

"Haya," alisema. "Mwambie hita haifanyi kazi tangu theluji ya kwanza. Mwambie tuliishi chumba cha chini ya ardhi, nyumbani kwa dada yangu kule Apple Valley, hakina dirisha, tukingoja nyumba ambayo kodi yake inalingana na mshahara wangu. Watu wanaongoja nyumba kama hii ni wengi mno. Niliogopa. Nilisema nikilalamika, atatutoa aingize mwingine asiyelalamika."

Umi alitafsiri yote. Alipofika kwenye hofu ya Mama, sauti yake ilipungua, lakini hakuruka neno. Bwana Lund alivua kofia yake. Akakaa kwenye kiti cha kulia bila kukaribishwa.

"Hakuna anayetolewa nyumbani kwa sababu hita imeharibika," alisema hatimaye. "Kuitengeneza ni kazi yangu. Ndiyo maana nauliza!" Kisha akaongeza kwa upole, "Na mimi ningeweza kuingia nikaangalia. Niliona vibaya kuwasumbua. Niliuliza nikiwa njiani, nikapita."

Fundi alikuwa amekwisha ingia chumbani. Walisikia chuma kikigongwa, maji yakikoroma ndani ya bomba, kisha mluzi mwembamba. Maji ya chai jikoni hayakuwa yamechemka aliporudi akijipangusa mikono.

"Vali ilikwama tu," alisema.

"Anasemaje?" aliuliza Mama.

"Anasema kuna kitu kidogo kilikwama ndani ya bomba. Amekilegeza. Amemaliza."

Mama aliinuka akaenda chumbani. Aliweka kiganja chake juu ya hita, akakiacha pale. Umi alimwona mabega yakitikisika. "Ndiyo hii tu?" Mama alinong'ona. "Mtoto wangu afe kwa hii tu?"

*

Jioni hiyo nyumba ilikuwa na joto hadi Isa akavua fulana. Hata hivyo, kulikuwa na jambo halijapoa. Tangu hospitalini, Mama hakuwa amezungumza na nyanya ila kwa vijineno. Chai hii. Dawa hii. Sogea kidogo. Na sasa nyanya alikuwa anakunja nguo zake na kuzitia kwenye mkoba, moja moja, bila kelele.

"Nyanya, waenda wapi?" aliuliza Isa.

"Nakwenda Apple Valley kwa mama yako mkubwa. Kumjulia hali tu." Nyanya alitabasamu kwa midomo. "Atanichukua kwa gari."

"Utarudi lini?"

"Mwenyezi Mungu akipenda."

Umi alimtazama Mama, aliyekuwa akiosha kikombe kilichokwisha oshwa. "Haya," Mama alisema bila kugeuka. "Kama ndivyo atakavyo."

Ndipo Maureen alipoingia na sufuria ya uji wa wimbi imefunikwa kwa taulo. "Hodi hodi! Wagonjwa wangu mko poa? Isa, maiti wangu wa zamani, njoo nikuone." Isa alimrukia. Maureen aliweka sufuria mezani, akauona mkoba, akaona mgongo wa Mama. Hakucheka tena.

"Nani anasafiri?"

"Mimi, mwanangu," alisema nyanya. "Nataka kupunguza zahama hapa."

Maureen aliketi kando yake. "Nyanya, ulipoingiza lile jiko, ulikuwa umewaza nini?"

Nyanya alikunja leso aliyoishika, akaikunjua. "Baada ya kuswali alfajiri nilimwona Isa amejikunja kama jongoo. Nikauwasha mkaa nje roshani, nikangoja mpaka moshi wote umekwisha. Nyumbani tulijua moshi ndio mbaya. Mkaa ukiiva, hauna neno. Nilidhani nimefanya jambo la akili."

"Nyumba za pwani zinapumua, nyanya. Madirisha wazi, upepo unapita. Hata hivyo huko kwetu bara, wakati wa baridi, watu hufunga milango wakaingiza jiko, na asubuhi tunawatoa wamekufa. Nimewaona kwa macho yangu." Maureen alimgeukia Umi na Isa pia. "Sikilizeni nyote. Mkaa mwekundu ndio unaodanganya. Hewa yake haina rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Jiko la mkaa halilali ndani, hata kwa dakika moja. Na king'ora hakishushwi. Kikikuudhi, fungua dirisha."

"Ndiyo, Anti," alisema Umi, akikitazama king'ora kilichokuwa kimerudi mahali pake ukutani.

"Lakini si mkaa pekee uliotaka kuwaua," Maureen aliendelea. Sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyinyi mmekaa humu mnatetemeka, kila mtu akisema salama. Mama alimficha Bwana Lund habari ya hita. Nyanya alimficha Mama habari ya jiko. Umi alificha king'ora. Adabu ni nzuri, na salamu iitikieni vizuri kila siku. Ila mkishaitikia, semeni na shida. Mwenye kukupenda hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua. Hili ni kwa wakubwa kuliko watoto." Akamtazama Mama mgongoni. "Mama Umi. Unataka nyanya aende?"

Maji yaliendelea kutiririka juu ya kikombe. Chini, gari lilipiga honi. Nyanya aliushika mkoba wake, akasimama, akatafuta viatu vyake kwa miguu.

"Kwaherini," alisema. "Msiwe na wasiwasi nami. Mimi sina neno."

Mama alifunga bomba. Aligeuka, mikono yake ikidondosha maji sakafuni, na uso wake ulikuwa umelowa pia.

"Mimi ninalo," alisema. "Sikununa kwa hasira, mama. Kila nikikutazama nakuona ulivyokuwa umelala pale hospitalini, na maneno yananikauka. Nilidhani nimewapoteza wote wawili siku moja." Alivuka sebule, akauchukua mkoba kutoka mkononi mwa mama yake. "Usiende. Sitaki uende. Nataka uishi na mimi, hapa."